Nilimwambia Homa Hairudii

Ninyi mtakaokalia kile kiti cha labo chenye mguu mmoja mfupi, haya ni yenu. Papa Muhindo ameniomba niyaandike kabla sijarudi Butembo, niyaache kwenye droo ya mikroskopi. Aliniambia: "Andika vile ilikuwa. Usijipambe." Nimejaribu mara tatu. Mara mbili za kwanza nilijipamba, nikapasua karatasi.

Mtacheka, najua. Msichana wa miaka kumi na tisa anaandika kama mzee wa pansheni. Lakini nilifika hapa Beni nikiwa mwanafunzi wa shule ya uuguzi, nimekuja kwa stage, mazoezi ya kazi, ya mwezi mmoja, nikarudi kila likizo, na baada ya diplome nikabaki kama msaidizi wa labo. Sasa naacha. Sikufukuzwa. Kuna siku nilitamani kufukuzwa, ingekuwa rahisi kueleza nyumbani.

Nianze na mambo yatakayowasaidia, ili mkichoka kusoma muwe mmepata kitu.

Jina la mgonjwa liandikwe kwenye kichupa kwa kreyo, yaani penseli, si kwa biki ya wino. Biki inakimbia ndani ya baridi. Mimi mwezi wa kwanza niliandika kwa biki ya bluu, maandishi mazuri, na kamoyo kadogo juu ya kila "i". Wiki tatu baadaye Papa Muhindo alifungua frigo, akatoa vichupa sita vyeupe kabisa, akavipanga mbele yangu. "Masika, hizi damu ni yatima?"

Tena usiandike jina moja tu. Mnajua kwetu Wanande binti wa kwanza ni Masika, kila nyumba. "Ukisimama Kimemi kule Butembo ukaita Masika," alisema, "nusu ya barabara itageuka." Andika jina la baba, andika kijiji. Jina hili la Masika litarudi mbele, mlishike.

Mkienda mashambani, suruali iingie ndani ya soksi, na usikae kwenye majani hata ukichoka namna gani. Mtaonekana wajinga. Mimi nilionekana mjinga nikaitoa suruali kwenye soksi kwa sababu vijana wa moto, hizi pikipiki za kubeba watu, walikuwa wananitazama. Nilijikuna siku nne.

Papa Muhindo ndiye laborantin, mpimaji wa kituo hiki cha afya, mtaona wenyewe: ndevu nyeupe upande mmoja kuliko mwingine, miwani imefungwa na plasta. Anapenda mzaha lakini hapendi uongo. Mimi nina sauti ndogo. Shuleni mwalimu alikuwa ananiacha bila kuniuliza, anasema kusubiri jibu langu ni kupoteza saa ya masomo. Siku ya kwanza labo niliita mgonjwa mlangoni na hakuna aliyesimama, na Papa Muhindo nyuma yangu: "Masika, unaita batu ao unaita panya?"

Niliona aibu, na nikaizoea. Nilidhani aibu ni tabia yangu tu, kama mtu kuwa mfupi. Sikujua inaweza kumuumiza mtu mwingine.

Sasa ugonjwa wenyewe. Vitabu vya Kifaransa vinauita typhus des broussailles. Sisi tuliuita homa ya kichaka. Unaletwa na kadudu kekundu, kadogo kuliko punje ya chumvi, kanakaa kwenye majani ambapo panya wanapita. Huku Beni mashamba mengi ya kakao yalilala, watu wakiwa wamekimbia vita, na waliporudi walikuta majani yanawapita kichwa. Wakaingia kulima. Kadudu kakiuma hauhisi kitu. Baadaye panatokea kidonda kidogo, kinakuwa cheusi katikati, kama mahali palipozimwa sigara. Halafu homa, kichwa, na wengine masikio yanaanza kuvuma.

Kile kidonda kinajificha. Kadudu kanapenda mahali nguo inabana: kwapani, kiunoni, kwenye kinena, chini ya matiti. Sheria ya Papa Muhindo ni hii, naiandika kama anavyoisema: "Soma mutu kwanza, kisha kipimo." Maana yake umvue mgonjwa kwa heshima, ufunge mlango, uangalie kila mahali. Ukiona kidonda cheusi na homa, dawa ianze saa ileile, karatasi zitafuata. Dawa ni ya kawaida, iko kwenye kabati la chini. Inasaidia sana mtu akiianza mapema.

Mama Katungu alikuja mara ya kwanza nikiwa bado mwanafunzi. Ni mkulima wa kakao, umri wa mama yangu, sauti yake ilijaza ua. Kanisani kwao yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo, padri akichelewa anaimba mpaka padri afike. Papa Muhindo na muuguzi wa kike walimpima, wakaona kidonda kwapani, dawa ikaanza, baada ya siku mbili alikuwa anawachekesha wagonjwa wengine.

Kwa ugonjwa huu tunachukua damu mara kadhaa: siku ya homa, baada ya wiki mbili, na tena baadaye mtu akiwa mzima. Kile kipimo cha haraka kina mistari miwili ya kusoma, M na G. Hizo ni kinga za mwili. M wanatoka kwanza, mwili ukikutana na ugonjwa kama mgeni. Wanafika baada ya siku kadhaa, wanapiga kelele, wanaondoka. G wanakuja nyuma yao, lakini wanakaa muda mrefu. Basi Mama Katungu aliporudi baada ya wiki mbili, mistari yote miwili ilikuwepo, mizuri. Nilikuwa peke yangu labo, Papa Muhindo alikuwa nje anaosha vioo vya mikroskopi.

Mama akaangalia kipimo, akaniuliza: "Mutoto wangu, hii homa itanirudilia?"

Swali hilo lilikuwa la Papa Muhindo kujibu. Dirisha lilikuwa wazi, ningemwita. Lakini maishani hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza kitu akingoja jibu. Shuleni tulikuwa tumesoma surua: mtu akiugua mara moja, mwili unakumbuka, basi. Nikamjibu, na sauti yangu safari ile ilitoka vizuri kabisa.

"Hapana, mama. Mwili umejifunza. Hairudii."

Akapiga makofi. "Wasingya!" Ndiyo asante yetu ya Kinande. Kesho yake alipita na kikapu cha matunda ya marakuja, yote yangu. Niliyala yote. Kwenye daftari langu, lile ninaloandika kila jioni, kuna maneno haya: Leo nimesaidia mtu. Ukurasa ule bado upo.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshapata diplome. Mama Katungu alishuka kwenye moto mbele ya kituo, kitambaa kimefungwa kichwani. Homa ya siku tano.

"Mama, juu ya nini ulikawia vile?"

"Eh, ningekimbilia nini? Nilijua haiko ile ya zamani. Wewe njo uliniambia. Nikasema ni malaria tu, nikakunywa majani."

Alikuwa anacheka, huku ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Papa Muhindo alikuwa ameenda mazishi Alimbongo. Titulaire, ndiye muuguzi mkubwa wa kituo, alikuwa chumba cha uzazi. Nilipaswa kumwangalia mama mwili mzima. Pazia lilikuwa limepelekwa kufuliwa, na kwenye benchi ya mlangoni walikaa wanaume watatu. Nilipaswa kuwaambia wanaume watoke. Nilipaswa kumwambia mtu wa umri wa mama yangu afungue kifua. Nikaona aibu. Nikainama karibu naye, nikamuuliza kwa chini: "Kuko kidonda?"

"Nini?"

"Kidonda, mama."

"Nini? Mutoto, masikio inavuma, sema."

Wanaume wakageuka kutuangalia. Nikasema: "Haizuru, mama." Nikachukua damu. Masikio yanavuma, ameniambia kwa kinywa chake, na mimi niliandika kwenye registre: homa, kichwa.

Kipimo cha malaria: hakuna. Kipimo cha homa ya kichaka: G mweusi tii, M hakuna. Nikafurahi. Ndiyo, naandika vile ilikuwa, nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli mwaka uliopita. Nikamwonyesha: "Unaona? Huyu G ni wa zamani. Mwili unakumbuka. Ya sasa ingeonyesha M." Titulaire alipita haraka, gauni lina damu ya uzazi, akauliza, "Donc?" Nikasema hakuna kitu. Akatia sahihi. Mama Katungu akarudi nyumbani na vidonge vya kichwa.

Siku mbili baadaye walimleta katikati ya watu wawili kwenye moto, kichwa kinaanguka huku na huku, anapumua kama aliyekimbia. Hakujua yuko wapi. Mke wa mwanawe alikuwa anamfuata kwa miguu analia.

Papa Muhindo alikuwa amerudi. Nilimletea kipimo kile, nilikuwa nimekitunza, nikadhani kitanitetea. Hakukitazama. Alifukuza watu wote, akamwita mke wa mwanawe na muuguzi wa kike, mlango ukafungwa. Haikupita dakika tano muuguzi akatoka. Chini ya titi la kushoto, kidonda cheusi, kikubwa, cha siku nyingi. Dawa ikaanza palepale.

Papa Muhindo akaniuliza, na hakupandisha sauti: "Masika, siku ile uliangalia?"

Nikasema: "Ndiyo, papa. Hakukuwa kitu."

Alinitazama kidogo juu ya ile plasta ya miwani. Akasema tu, "Bon." Aliendelea na kazi. Kati ya yote ninayoandika hapa, hili neno "ndiyo" ndilo linaniamsha.

Mchana ule alinikalisha. Akatoa kwenye frigo kichupa cha Mama Katungu tulichochukua akiwa mzima, miezi minne kabla, kimeandikwa kwa kreyo na mkono wangu. Akaweka pembeni damu ya siku hiyo. "Changanya na maji ya serum, ile ya chumvi. Zote mbili sawasawa. Kila mara unapunguza, unapima." Nikafanya. Damu ya zamani, mara ya pili kuipunguza, mstari wa G ulikuwa umeanza kufifia, mara ya tatu umekwisha. Damu ya siku hiyo, mara ya tano, G alikuwa bado amesimama kama amechorwa na biki.

"Sasa ni wa zamani huyu?"

Nikaweka kipimo mezani.

"Sikia. Mara ya kwanza, M njo anapiga kelele juu ugonjwa ni mugeni. Mara ya pili G anaamka mbio, bengi, na M anaweza kuja kidogo, ao asikuje kabisa. Ukimungojea M kwa mutu wa mara ya pili, utamungojea mpaka kaburini. Na siku za kwanza za homa hata bote babili banaweza kukosa."

"Lakini papa, kama G iko, juu ya nini anagonjwa tena?"

Ndipo aliporudi kwenye jina langu. "Banaita Masika wangapi Butembo? Ukimujua mumoja, umebajua bote? Hiki kijidudu ni vile. Jina moja, sura nyingi. Mwili ulijifunza sura moja. Ikikuja ingine, inapita. Na hata ile moja, mwili unaisahau kisha muda. Surua ni surua. Hii haiko surua." Halafu akaniuliza, bila kuniangalia, anafuta meza: "Nani aliambia huyu mama kama hairudii?"

"Sijui, papa."

Mnaona. Hiyo ni mara ya pili kumdanganya siku moja.

Mama Katungu alipona. Siku ya tatu alifungua macho akaomba uji. Titulaire, mtu aliyetumwa hapa kutoka mbali na ambaye hapendi kupoteza wagonjwa, alisimama miguuni mwa kitanda. Mimi nilikuwa nimebeba sahani ya sindano.

"Mama, siku tano nyumbani! Mais, ulikuwa unangojea nini?"

Ilibidi arudie mara mbili, kwa sauti kubwa. Mama Katungu akanitazama mimi. Alinitazama vizuri, si kwa bahati. Kisha akasema: "Nilikuwa na kazi ya kakao, titulaire."

"Kakao! Ninyi na kakao! Siku moja mutazikwa na kakao!"

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimesimama pale na sahani mkononi, nikacheka pamoja nao.

Alirudi kwake, lakini sikio la kushoto lilibaki limekufa, la kulia linasikia kidogo. Papa Muhindo alisema ugonjwa huu ukicheleweshwa unaweza kugusa masikio. Jumapili moja nilienda misa kanisani kwake, nikakaa nyuma. Mwingine ndiye aliyeanzisha wimbo. Mama Katungu alikuwa anaangalia vinywa vya wenzake ili ajue wamefika wapi, na alikuwa nyuma yao kwa neno moja, wimbo mzima.

Nilikaa na jambo hilo miezi. Nilijifunza kufunga mlango, kuwatoa wanaume kwenye benchi, kuangalia kwapa za wamama na wababa. Nilikuwa mfanyakazi mzuri, Papa Muhindo alisema hivyo. Kila aliposema nilitaka kujificha chini ya meza.

Kisha akaja mwanamke mmoja wa kijiji cha Mama Katungu, kidonda kiunoni, homa ya siku sita. Aliwahi kuugua zamani. Papa Muhindo akamuuliza kwa nini amekawia, akajibu kama anayesema kitu kinachojulikana na kila mtu: "Hairudiake, papa. Kule kwetu tunajua. Mama Katungu aliambiwa hapahapa labo, mara ya kwanza alipopona."

Kumbe neno lilikuwa linatembea. Mama Katungu alilichukua neno langu na kulipeleka kwa majirani, kama alivyoniletea yale marakuja.

Mwanamke alipoondoka na dawa, Papa Muhindo hakuniuliza. Alivua miwani tu. Nikasema: "Ni mimi, papa. Na siku ile sikuangalia. Niliona haya."

Ilitoka kidogo sana, nadhani hata panya hawakusikia. Lakini yeye alisikia.

"Nilijua," alisema. "Mais haiko mimi unapaswa kuambia."

Nilienda siku iliyofuata, mchana, peke yangu. Nilimkuta uani na wanawake kumi hivi, ni msaada wao wa kupokezana, leo kwa huyu kesho kwa yule, wanapasua kakao kwa panga, mbegu nyeupe zinaingia kwenye beseni. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Nilitaka nimvute pembeni, nyuma ya nyumba, niseme chini chini, nilie kidogo, nirudi.

Nikapiga magoti karibu yake. "Mama, nimekuja kukuomba musamaha."

"Eh?"

"Musamaha, mama. Ile siku..."

"Sema kwa nguvu, mutoto wangu. Hii sikio ilikufa. Zunguka kwa hii ingine."

Nikazunguka. Nikasema tena. Alitikisa kichwa, akaonyesha kidole kinywa changu, haoni hata midomo ikifunguka. Mwanamke mmoja akasema, "Huyu wa labo anaongea kama anasali rozari," wakacheka. Nikapandisha kidogo. "Eh?" Nikapandisha tena. Hapo nikaelewa kwamba hakuna pembeni. Jambo nililolificha kwa sababu ya sauti ndogo, lilikuwa limemharibu kiasi kwamba sauti ndogo haimfikii tena.

Nikasimama. Nikapiga kelele.

"MAMA! NI MIMI NILISEMA HAIRUDII! NILIKUDANGANYA! NA ULIPORUDI SIKUKUANGALIA, NILIONA HAYA! TITULAIRE ALIKUGOMBEZA, NIKACHEKA!"

Panga zote zilinyamaza. Mbwa wa jirani alibweka, ndipo nikajua nilivyopiga kelele.

Mama Katungu aliweka kakao yake chini. Akapangusa mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.

"Nilijua ni wewe," akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Ningesahau? Nilinyamaza siku ile juu ulikuwa mutoto wa batu, bangekufukuza. Nikasema, atakuja mwenyewe. Nikangojea. Ulikawia kunipita mimi na homa yangu."

Hakuniambia nimesamehewa, na mpaka leo hajasema. Alinishika mkono akanigeuza niwaelekee wenzake.

"Hawa bote nilibaambia neno yako. Sasa baambie. Inarudi ao hairudi?"

"Inarudi," nikasema.

"Eh?"

"INARUDI! Hata kama uliugua, hata kama ulipona! Ukiona homa, kuja siku ileile!"

Waliangaliana. Kisha mmoja wa nyuma, mwanamke mwembamba ambaye hakuwa amecheka na wengine, alisimama akaja mpaka mbele yangu. Alikuwa anatetemeka kidogo, nikadhani ni hasira. Akageuka akanipa mgongo, akafungua fundo la kitenge, hapo hapo uani, akainua mkono kunionyesha kwapa.

"Na hii?"

Safari hii niliangalia.